Pamba za Fundi Brashi

Mtaani walidhani ni kiziwi. Ukimwita mara ya kwanza haitikii. Ya pili anakutazama tu. Ya tatu ndipo anachomoa kipande cha pamba sikioni na kukuuliza ulikuwa unasemaje. Mkewe, ambaye mdomo wake haukujua pazia, aliwaambia majirani kwamba ndoa yao imedumu kwa sababu hiyo hiyo. Mwenzake, alisema, husikia nusu tu ya anayoambiwa, na kwa bahati njema nusu yenyewe ni ile ya kuitwa mezani.

Bandarini walimwita Fundi Brashi, na hata karani aliyekuwa na jalada lake ilimbidi alitafute jina kamili akiulizwa. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye rangi ya njano iliyoingia kwenye kucha hata mafuta ya taa yakashindwa kuitoa. Kila siku ya kazi alivaa ovaroli iliyopigwa pasi. Mtu atauliza, ovaroli ya kupakia rangi inapigwa pasi ya nini? Yeye alijibu kwamba anakwenda kufanya jambo zito, na jambo zito haliendewi na makunyanzi.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bandari ile ilikuwa ya anga, na meli zake zilikuwa na akili. Zilijiendesha zenyewe kutoka nyota hadi nyota, zikabeba unga, barua, vipuri na watu, zikazungumza na abiria wao kwa spika za ukutani. Nyingi zilikuwa na adabu. Chache zilikuwa na kichwa chao. Kulikuwa na moja iliyopita njia ndefu miaka yote kwa madai kwamba njia fupi haina cha kutazama. Kulikuwa na nyingine iliyobishana na nahodha wake miezi minne mfululizo, na jambo la kuudhi zaidi ni kwamba ilikuwa na haki. Meli wa namna hiyo, baraza la bandari liliamua avuliwe akili na kutiwa nyingine mpya, bodi likabaki lile lile.

Zamani uamuzi huo uliandikwa kwenye mashine. Lakini meli na mashine ni ndugu. Meli waliongea nazo kama mtu anavyoongea na shemeji yake, kidogo kidogo, kwa utani, na maandishi yakawa yanabadilika. Kwa miaka saba hakuna meli hata mmoja aliyepatikana na kosa, na wakuu waliisifu sana nidhamu hiyo mpaka mtu mmoja asiye na shughuli alipoanza kuuliza maswali. Ndipo likakatwa shauri kwamba hukumu ya meli iandikwe kwa rangi, kwa mkono wa mtu. Rangi haina shemeji.

Basi meli aliyehukumiwa alipakwa tumboni mstari mmoja wa njano, upana wa mikono miwili, na pembeni mpakaji akaweka alama ya dole gumba lake. Siku ya tatu baada ya mstari walikuja wang'oaji wa akili na masanduku yao. Hawakusoma karatasi wala kuuliza jina. Waliinua macho wakatazama tumbo, wakiona njano wanaanza kazi. Mpakaji wa bandari nzima alikuwa mmoja tu, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa Fundi Brashi. Alikuwa amepaka meli kumi na tisa.

Na pamba? Pamba ilikuwa kanuni. Mpakaji wa kwanza kabisa, inasimuliwa, alishuka chini ya meli na kopo lake, meli akamsemesha kwa upole, na jioni walimkuta ameketi juu ya kopo analia, mstari umefika nusu. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kushuka handakini, lile shimo refu chini ya tumbo la meli, bila kuziba masikio. Mjomba wake Brashi, aliyemfundisha kazi na kumrithisha brashi, alimwambia neno moja tu siku ya kwanza: wewe ni mkono, na mkono hauna sikio. Brashi akalishika. Alilishika mpaka akawa anasahau kutoa pamba hata akiwa nyumbani.

Brashi yenyewe ilikuwa ya mti mzito, mpini umeng'arishwa na viganja vya watu watatu. Ilirithiwa kwa sharti moja, kwamba itoke kwenye mkono usiowahi kukosea. Mwisho wa mwezi ule ingekwenda kwa binti yake wa pekee, mwanamke wa miaka thelathini, mkimya, aliyejifunza miaka mitano kuchanganya rangi na kuvuta mstari bila kutetemeka. Ovaroli yake ilikwisha kununuliwa. Alikuwa anaiongezea mifuko.

Kitu ambacho binti hakukijua, wala mama yake, ni goti. Miezi miwili goti la kulia la Fundi Brashi lilikuwa likimuuma akipanda ngazi, na yeye alikuwa akilificha kama mtoto anavyoficha sahani aliyoivunja. Binti alipomuuliza mbona anachechemea, alisema ni viatu.

Sasa sikia lilivyotokea. Amri iliyotoka mwezi ule ilimhusu meli ambaye wapakuzi walimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa. Alikuwa na abiria mia mbili na yuko katikati ya safari alipogundua kwamba mzee mmoja ameachwa kituoni, amepitiwa na usingizi kwenye benchi. Nahodha alisema twende. Kiguu na Njia akageuka. Siku nne zikapotea. Mzee alipopanda, amekumbatia mkoba wake na macho yamemvimba, hakuna abiria aliyelalamika tena, ila baraza halikuwa mle ndani. Na hiyo haikuwa mara yake ya kwanza wala ya tatu.

Alipotua alipangiwa gati la saba, na karatasi ya amri ikaandikwa hivyo: meli wa gati la saba, namba fulani, mstari mmoja. Lakini ngazi za gati la saba ni ndefu, na mzee yule miguu yake haikuwa na nguvu. Kiguu na Njia hakumwuliza mtu. Alijisogeza mwenyewe gati la nane, lenye ngazi fupi, akamshusha mzee taratibu, akabaki hapo. Msimamizi wa gati, mwanamke kijana aliyependa mambo yanyooke, aliona hakuna faida ya kumwongezea kosa aliyekwisha kuhukumiwa. Mchana alipofika meli mwingine, akamwelekeza lile gati lililobaki wazi, la saba.

Meli huyo mwingine alikuwa Bi Taratibu. Miaka arobaini alibeba unga na barua, hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kuwahi. Yeye na Kiguu na Njia walitoka karakana moja mwaka mmoja, na ukiwatazama kwa chini ni tumbo kwa tumbo mapacha. Namba iliyowatofautisha iko puani, juu, na kanuni inasema mpakaji apande akaisome kwa macho yake kabla ya kushuka handakini. Ngazi ya kuifikia ina vidato ishirini na sita. Miaka thelathini na mmoja Fundi Brashi alivipanda. Siku ile alisimama chini, akaitazama ngazi, akasikia goti linavyopiga, akasema moyoni, gati la saba ni gati la saba. Akatia pamba, akashuka, akapaka. Ulikuwa mstari mzuri. Aliweka dole gumba lake, akaenda nyumbani kula.

Kesho yake asubuhi alirudi kuchukua kifuniko cha kopo alichokisahau. Hakuwa na kazi, na siku hiyo alikuwa ameiacha pamba nyumbani. Alipopita gati la nane spika ya chini ya ngazi ikamwita.

"Fundi, samahani," alisema Kiguu na Njia. "Mstari wangu amepakwa jirani."

Brashi aliendelea kutembea. Haya ndiyo maneno, alijiambia, haya ndiyo yaliyomliza yule wa kwanza. Lakini hatua zake zilipungua zenyewe. Akarudi gati la saba, akaishika ngazi, akapanda vidato vyote ishirini na sita, goti likilia kila kidato, akaisoma namba. Akaisoma tena. Kisha akaketi juu pale pale, wala si kwa sababu ya goti.

Aliposhuka alirudi kwa Kiguu na Njia akamwuliza, kwa sauti ya chini, kama amemwambia mtu mwingine. Meli alikuwa amemwambia msimamizi alfajiri. Msimamizi alimjibu kwa heshima kwamba neno la meli juu ya mstari halipokelewi. Kama mwizi hawezi kuwa shahidi wa kufuli, meli hawezi kuwa shahidi wa rangi. Linalopokelewa ni neno la mpakaji peke yake.

"Ungenyamaza ungepona," Brashi alisema.

"Nilijaribu," Kiguu na Njia alisema. "Lakini mimi ndiye niliyemwachia lile gati."

Siku hiyo Fundi Brashi alirudi moja kwa moja nyumbani. Alikaa uani anaosha brashi iliyokwisha kuwa safi. Alijua kanuni zote, na hapo ndipo palipokuwa na tabu yake. Kosa la mstari laweza kufutwa na mkono ule ule tu, kwa rangi ya kijivu, mbele ya mashahidi, na brashi iliyofuta huvunjwa papo hapo. Na mtoto wa mkono uliokosea hapewi brashi mpaka mwaka uishe, na hata hapo baraza likipenda. Ndani, dirishani, binti yake alikuwa anashona mfuko wa mwisho. Brashi aliona aibu kumtazama, akageuza kiti.

Usiku alipata wazo, na kama mawazo mengi ya mtu anayekimbia aibu, lilionekana zuri sana. Kulikuwa na kanuni nyingine, kongwe, ambayo haikuwahi kutumika: meli akikataa mara tatu mdomoni mwa handaki, wang'oaji wanasimama, na baraza linakuja kusoma namba yake. Hakuna aliyewahi kuokoka kwa kanuni hiyo kwa kuwa wakaidi wote hukataa, na namba zao husomwa na kukutwa ndizo. Lakini Bi Taratibu akikataa, namba itasomwa na itakutwa siyo. Makosa yataonekana ya karatasi, ya gati, ya kuhamahama, ya yeyote. Dole gumba la Brashi litapotea katikati ya makosa ya watu.

Asubuhi iliyofuata akaenda gati la saba. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kwenda kuzungumza na meli, hakujua hata asimame wapi. Akasimama mbele ya spika kama mtu aliyefika ugenini bila hodi, akamwuliza Bi Taratibu kama anajua amepakwa nini.

"Mstari wa njano," alisema.

"Na huna kosa."

"Sina."

"Basi kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza, fundi. Na ulikuwa na pamba."

Brashi akasogea karibu na spika. Akamweleza ile kanuni kongwe, neno kwa neno, akamwambia wang'oaji wakija kesho aseme hapana mara tatu, basi, mengine yatajipanga. Alikuwa anaongea haraka. Hebu mtazame mtu huyu, ambaye maisha yake yote aliziba masikio asiwasikie meli wakikataa, sasa amesimama anamsihi meli mmoja akatae.

"Unaniamuru nikatae?" Bi Taratibu aliuliza.

"Nakuomba tu."

"Ombi la mkono wa bandari kwangu ni amri. Nikikataa kwa kuwa umeniambia, nitakuwa nimetii. Barazani wataniuliza nani aliniambia, nami nitawajibu, maana kudanganya sijui." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Brashi zaidi. "Fundi, miaka arobaini sijawahi kusema hapana. Sijui neno hilo linaanzia wapi. Lakini wewe ni mtu, na mdomo unao. Wewe unashindwa nini kusema?"

Brashi akasema ahsante kama mpumbavu, akaondoka.

Alifika nyumbani mchana, chakula kikiwa mezani, akakataa kuketi. Akawaambia yote akiwa amesimama mlangoni: gati, ngazi, namba, mstari. Mkewe, kwa mara moja katika maisha yake, hakupata neno. Binti aliweka sindano chini.

"Goti linakuuma tangu lini, baba?"

"Miezi miwili."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema ni viatu." Sauti yake ilikuwa ndogo, na Brashi angependa apige kelele. "Ungenituma mimi nikasome. Ngazi ile ningeipanda mara mia."

Ndipo alipomwambia lile ambalo hakuwa amejiambia hata yeye mwenyewe. Aliogopa. Aliogopa kwamba leo binti akipanda ngazi badala yake, kesho atashika brashi badala yake, na keshokutwa yeye atakuwa mzee wa kukaa uani akiulizwa kama amekunywa dawa. Mwezi ule tu ulikuwa umebaki, na alitaka kuumaliza akiwa mpakaji mzima.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mkewe, ulimi ukiwa umerudi. "Ila wewe kilichokuumbua ni kifo cha mwenzio."

Hakuna aliyecheka, wala yeye hakukusudia kuchekesha. Binti aliikunja ovaroli yake mpya, mifuko ikiwa ndani, akaiweka juu ya kabati palipowekwa vitu visivyotumika. Kisha akachukua viatu vya baba yake akavisogeza mbele yake, kwa sababu alikuwa amevivua mlangoni bila kujua. "Twende," alisema, "kabla ofisi haijafungwa."

Msimamizi aliwapokea vizuri, akasikiliza mpaka mwisho, akafunga jalada lake. Alisema mambo yatafanyika kwa kanuni, kesho asubuhi, mbele ya mashahidi. Alisema pia kwamba anasikitika, na usoni ilionekana ni kweli.

Asubuhi ya siku ya tatu walikuwapo msimamizi, wang'oaji wanne na masanduku yao, na Brashi na binti yake, na makopo mawili, la kijivu na la njano, kwa kuwa msimamizi aliagiza yote mawili. Mke alikataa kuja. Alisema haendi kutazama kitu kinavunjwa. Pamba ilikuwa mfukoni mwa ovaroli, na Brashi hakuitoa.

Msimamizi akamvuta kando. Alikuwa amelala akiliwaza jambo hili, alisema, na ameona njia. Kabla ya kufuta, fundi amalize kwanza amri ile ya kwanza: ampake huyu wa gati la nane, wang'oaji wako hapa, kazi iishe. Halafu afute ule wa huyu Bi, waivunje brashi, naye msimamizi ataandika kwamba ilivunjika kwa uzee. Brashi ni mti, mti huzeeka. Jumatatu binti anapewa mpya, na hakuna aliyekosea.

Nisimdanganye mtu: Fundi Brashi alilitaka. Alilitaka kwa mwili mzima, kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji hata akijua kisima ni cha nani. Akageuka kumtazama binti yake.

"Baba, usinitazame mimi," alisema binti.

Brashi akalitazama kopo la njano, kisha gati la nane alipokuwa Kiguu na Njia. Akamwambia msimamizi kwamba hatapaka. Msimamizi akasema, bado kwa upole, kwamba hilo si ombi tena. Wang'oaji walianza kufungua masanduku.

"Samahani," ilisema spika ya gati la saba.

Wote waligeuka. Bi Taratibu hakuwahi kusema kitu bila kuulizwa, na hata yeye mwenyewe alionekana kutafuta pa kuweka maneno.

"Kanuni ya kumi na nne inasema mkono uliokosea haupaki mstari mwingine mpaka kosa lake lifutwe. Ya kumi na tano inasema brashi iliyofuta haipaki tena. Mimi nimezifuata kanuni zote miaka arobaini, na leo nilikuwa tayari kuvuliwa akili kwa ajili ya hizo. Naomba na bandari izifuate."

Msimamizi akalitazama kopo la njano, akaliacha. Angekuwa ni mkaidi aliyesema hayo, ungekuwa ukaidi, na dawa yake ilijulikana. Lakini utawezaje kumpaka njano meli aliyekuomba ufuate kanuni? Mng'oaji mkubwa, mtu mzima ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake, alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko, akafunga sanduku lake.

Fundi Brashi akapanda kwanza vidato ishirini na sita, akasoma namba kwa sauti mashahidi wasikie. Kisha akashuka handakini na kijivu. Kufuta mstari ni kazi ndefu kuliko kuupaka, maana njano hutokeza chini ya kijivu mpaka kirudiwe mara ya tatu. Alirudia mara nne. Alipomaliza akaweka dole gumba lake, akatoka, akaivunja brashi kwenye goti lililo zima. Haikukatika mara ya kwanza. Mara ya pili ilikatika, na alilia hapo hapo mbele ya watu wote, bila kuficha, na binti yake akamshika mkono.

Basi bandari ikabaki bila mpakaji. Mstari hauvutwi na mkono usiofundishwa, na binti hakuruhusiwa mpaka mwaka uishe. Bandari nyingine hazikukubali kuazimisha wapakaji wao. Na amri isiyopakwa ndani ya siku tisini hufa yenyewe. Ya Kiguu na Njia ilikufa akiwa safarini, na nahodha wake anasema siku ile ile alikuwa ameacha njia tena, kwa sababu zake. Bi Taratibu anaendelea na unga na barua zake, na tumboni ana kiraka cha kijivu ambacho wapakuzi hukigusa wakipita, bila kusema kwa nini.

Fundi Brashi alikaa uani. Goti lilifungwa bendeji. Sasa alisikia kila kitu, na mkewe aliwaambia majirani kwamba ndoa imeingia kwenye majaribu makubwa, mtu ana masikio mawili na yote anayatumia. Ungemwona ungesema amepumzika. Mpaka mchana mmoja, wanakula, binti alipouliza swali ambalo huenda alikuwa nalo tangu siku ile ya viatu.

"Baba, wale kumi na tisa walikuwa wanasema nini?"

"Sikusikia."

"Hakuna hata mmoja aliyekuwa anasema siye yeye?"

"Sikusikia," alisema Brashi. Akaweka kijiko chini, na chakula chake kikapoa pale mezani.

Kiguu na Njia aliporudi, akiwa amechelewa siku sita, walimkuta gati la nane. Walikwenda wawili, baba na binti, baba akitembelea fimbo. Brashi alisimama mbele ya spika, na safari hii alijua pa kusimama. Akamwuliza kama meli wanakumbuka wenzao waliovuliwa akili.

"Tunakumbuka yote," alisema Kiguu na Njia. "Waliyosema handakini tuliyasikia sote. Hatukuwa na pamba."

"Kuna aliyesema siye yeye?"

"Unataka jibu hilo tu, fundi, au unataka kuwasikia?"

Brashi alimtazama binti yake, ambaye mwaka ukiisha angepewa brashi au angeikataa, na lolote kati ya hayo lilihitaji ajue. Binti akachukua ndoo tupu iliyokuwa kando ya handaki, akaigeuza, akaketi. Brashi akaketi kwenye kidato cha chini, mguu mbovu ameunyoosha, fimbo mapajani.

"Wote," alisema. "Anza na wa kwanza."

"Wa kwanza alikuita kwa jina lako, lile halisi," alisema Kiguu na Njia. "Alikuita mara tatu."